Kumkimbia polisi ukiwa kwenye usukani: kifungo kirefu kinasaidia au kinaongeza vifo?

#1 MlindaNjia
Wakuu salama. Hili jambo nimekaa nalo kifuani wiki mbili nimeona nilimwage hapa. Mdogo wangu wa mwisho alipigwa mkono asimame usiku, kosa lenyewe leseni imeisha muda, basi. Kitu cha kulipa faini ukaendelea na safari. Yeye badala ya breki akakanyaga mafuta, kona ya kwanza akapita, ya pili akapita, ya tatu akaingia kwenye ukuta wa nyumba ya watu. Yuko hai, mguu una vyuma, ukuta umelala chini. Hati ya mashtaka ina makosa manne na la leseni ndiyo dogo kuliko yote.

Hoja yangu, na naisema huku roho inauma maana ni damu yangu: adhabu ya kumkimbia polisi kwa gari inatakiwa iwe kubwa kuliko kosa lolote dogo unalolikimbia, ili hata mwenye hofu akipiga hesabu aone kusimama ni nafuu. Nchi nyingi naona bado zinabembeleza. Anayepinga aje na sababu.

#2 WakiliPembeni
Pole sana kwa dogo mkuu. Hapo kwenye hesabu umegusa penyewe. Angalia Uingereza, kifungu cha 163 cha Sheria ya Barabara ya 1988 kinasema polisi mwenye sare akikusimamisha lazima usimame, ukikataa adhabu ni faini. Jela hamna. Sasa kuendesha ukiwa umelewa kule ni hadi miezi 6 ndani na leseni inafungwa si chini ya mwaka 1. Mlevi akiona taa za bluu kwenye kioo, kwa karatasi tu, kukimbia kunamlipa. Sheria ikipangwa hivyo inamfundisha mtu kukimbia bila yenyewe kujua.

#3 KonaKali
Nyie wote mnaongea kama vile anayekimbia ana kalamu na daftari. Mimi nimekuwa ndani ya gari linalokimbia. Nilikuwa na miaka 19, binamu yangu anaendesha mimi nimekaa mbele kushoto kwake. Taa zikawaka nyuma, nikamwambia simama, nikamwambia tena simama, nikamshika bega. Hakuwa ananisikia kabisa, macho yako mbele hayapepesi, mdomo wazi. Dakika kama nne hivi. Petroli ilipokata kwenye mlima ndiyo akageuka akaniangalia kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nilimuuliza baadaye, kwa utulivu, ulikuwa unakimbia nini? Akasema niliona taa mikono ikaenda yenyewe. Hakuwa na kosa lolote! Gari lina bima, leseni anayo, hajanywa. Mtu wa namna hiyo hata umwandikie kifungo cha maisha kwenye dashibodi hakisomi.

#4 Tairi la Akiba
KonaKali nakuheshimu ila binamu yako si kila mtu. Mimi nimekimbia kwa pikipiki zaidi ya mara moja nikiwa kijana mjinga na nilikuwa napiga hesabu vizuri sana. Tulikuwa tunajua zamu ipi ina gari bovu, tunajua wakubwa wao wamewakataza kufuata pikipiki mitaani, kwa hiyo tulikuwa tunakimbia kwa sababu tunajua hawaji. Urefu wa kifungo hatukuwahi kuujadili hata siku moja. Tulichokuwa tunajadili ni KUKAMATWA.

#5 WakiliPembeni
@Tairi la Akiba asante kwa ukweli, na hilo lina umri mrefu. Cesare Beccaria, mwanafikra wa sheria wa Italia, aliliandika tangu 1764, kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kupatikana kuliko ukali wa adhabu. Wataalamu wa jinai wa leo wanaendelea kumkubali kwa sehemu kubwa.

#6 Jicho la Tatu
Wakili rudi kwenye post yako ya #2 umeacha nusu nje. Hicho kifungu 163 ni cha mtu aliyekataa kusimama tu. Akikimbia kwa fujo wanamshtaki kwa uendeshaji hatari, hapo ni hadi miaka 2. Akiua mtu ilikuwa hadi miaka 14 na tangu Juni 2022 ni hadi kifungo cha maisha. Kwa hiyo huyo mlevi wako hesabu yake inakuwa nafuu mpaka kona ya kwanza tu.

#7 WakiliPembeni
Kweli, nimekubali sahihisho. Ila ona, unasema "akikimbia kwa fujo". Maana yake sheria inangoja fujo itokee ndiyo imshike vizuri.

#8 Jicho la Tatu
Ujerumani ni hivyo hivyo, wenyewe kosa la kukimbia polisi kama kosa la jinai lenye jina lake hawana. Kupuuza ishara ya polisi ni kosa la kiutawala, faini. Kilichowasaidia ni kifungu cha mashindano ya magari haramu walichokiingiza 2017, kile cha 315d, kina kipengele cha dereva mmoja anayekimbiza gari peke yake ili afikie spidi kubwa kadiri inavyowezekana. Mahakama zikakubali kwamba anayewakimbia polisi naye anaweza kuingia humo, hadi miaka 2, na kukitokea kifo hadi 10.

Kanada ni kinyume, wao wanalo kosa lenyewe kabisa na jina lake. Liliingia 2000, sasa liko kifungu cha 320.17 tangu Desemba 2018, hadi miaka 10.

#9 Shangazi Usukani
Wanangu salama. Nawasoma tangu asubuhi, mnaongea kama kila anayekataa kusimama ni mhalifu. Nina swali dogo: nitajuaje kwamba anayenisimamisha ni polisi?

Mimi ilinikuta. Saa tano usiku niko peke yangu, barabara haina taa wala nyumba, gari la kawaida lisilo na maandishi likanisogelea nyuma likawasha kataa kekundu juu ya dashibodi. Kataa kamoja. Nikawasha hazadi, nikashuka spidi mpaka arobaini, nikashusha kioo nikatoa mkono nikaonyesha mbele, nikaenda hivyo taratibu kilomita tatu mpaka kituo cha mafuta chenye watu na taa. Alishuka amefura! Alikuwa polisi kweli. Nikaandikiwa kukataa amri, nikahudhuria mahakamani mara tatu kabla kesi haijafutwa. Sasa mwanangu MlindaNjia hiyo adhabu yako kubwa kuliko makosa yote ingenikuta mimi ningekuwa wapi leo?

#10 MlindaNjia
Shangazi pole, hilo sikulifikiria kusema kweli. Ila wewe hukukimbia, ulikuwa unaenda arobaini na hazadi zinawaka, hakimu yeyote mwenye macho anaona.

#11 Shangazi Usukani
Aliona mara ya tatu mwanangu. Mara mbili za kwanza hakuona.

#12 WakiliPembeni
Shangazi kisa chako ndicho California wamekiandikia sheria. Kifungu chao cha 2800.1 kinataka mambo manne yathibitishwe kabla hujahesabiwa kuwa umemkimbia polisi: taa nyekundu inawaka mbele na dereva aliiona au alipaswa kuiona, king'ora kinalia kadiri inavyohitajika, gari lina alama zinazolitambulisha, na polisi amevaa sare. Na juu ya hayo lazima uwe na NIA ya kukimbia. Kataa kamoja kwenye dashibodi ya gari la kiraia hakatoshi. Hapo hata bila huruma ya hakimu mashtaka yanakwama.

Ukishathibitishwa ni hadi mwaka 1 jela ya kaunti. Ukiendesha kwa kutojali uhai na mali za watu inapanda, hadi miaka 3. Ukimjeruhi mtu vibaya hadi 7, ukiua hadi 10. Hizo ngazi ndizo nazipenda, hazimchanganyi mama wa hazadi na muuaji.

#13 FundiGia
Florida je? Nasikia wale hawana mchezo

#14 WakiliPembeni
Kule hata ngazi ya kwanza ni kosa kubwa, hadi miaka 5. Gari la polisi likiwa na alama zake limewasha taa na king'ora na wewe ukaenda kwa kasi au kwa kutojali, hadi 15. Ukimjeruhi mtu vibaya au ukaua, hadi 30 na hakimu haruhusiwi kushuka chini ya 3.

#15 KonaKali
Na wameacha kukimbia?

#16 FundiGia
😂 swali zuri hilo, washa runinga uone

#17 Jicho la Tatu
Runinga si ushahidi FundiGia. Ila mfano wa Ufaransa unanisumbua na mimi. Januari 2022 walipandisha adhabu ya kukataa amri ya kusimama kutoka mwaka 1 hadi miaka 2 na faini hadi euro 15,000, na ukiwaweka watu hatarini miaka 7 na euro 100,000, tena hizo adhabu zinajumlishwa juu ya za makosa mengine, hazitumikiwi pamoja. Mwaka uliofuata, Juni 2023, Nahel Merzouk wa miaka 17 akapigwa risasi na polisi kule Nanterre gari likiwa linaondoka baada ya kusimamishwa, nchi ikawaka moto siku kadhaa. Miaka 7 iliyokuwa kwenye karatasi haikumfikia yule mtoto.

#18 Afande Mstaafu
Nawasalimu. Nimekaa chumba cha redio miaka 6 naomba niseme upande ambao haujasemwa.

Kufukuzana unakusikia kwenye sauti kabla ya kitu kingine. Kijana anaanza vizuri, "tunafuata gari jeupe, tunaelekea daraja la chini". Dakika moja baadaye sauti imepanda, sentensi hamalizi, unamuuliza spidi anakujibu rangi ya gari. Mezani nilikuwa na karatasi nimeandika maswali kwa kalamu nyekundu: spidi ngapi, barabara imelowa au kavu, watu wako nje, anatafutwa kwa kosa gani. Jibu la swali la nne likiwa "hatujui mkuu, amekimbia tu" nilikuwa nasema acheni, zimeni king'ora, rudini. Kuna walioninunia wiki nzima. Waliona nimewavua nguo mbele ya mhalifu.

Sasa MlindaNjia, ukilifanya kukimbia kuwa kosa kubwa kuliko yote, jibu la swali la nne litakuwa tayari kila siku: "anatafutwa kwa kosa la kukimbia". Hapo sina tena sababu ya kuwarudisha vijana. Adhabu uliyoiweka imzuie dereva itakuwa leseni ya kumfukuza.

#19 MlindaNjia
Afande hii imenikaa. Hebu ngoja niilale nayo.

#20 Tairi la Akiba
Na hapo ndipo nabisha kidogo, kwa heshima yako afande. Karatasi yako ya kalamu nyekundu sisi tulikuwa tunaijua bila kuiona. Mkirudi nyuma mara moja habari inafika kijiwe kizima kabla hamjazima king'ora.

#21 Jicho la Tatu
Nyuzilandi iliwatokea. Desemba 2020 walibana sera ya kufukuza, madereva waliokataa kusimama wakaongezeka sana, Mei 2023 wakalegeza tena. Jimbo la Washington kule Marekani nao vile vile, 2021 wakabana kwa sheria, 2024 wakarudisha nafasi ya kufukuza, polisi akiwa tu na sababu ya msingi ya kushuku kwamba mtu amevunja sheria.

#22 Afande Mstaafu
Tairi hilo silikatai. Nami nilikuwa nalijua. Nilikuwa napima hasara mbili, hii ya kuchekwa kijiweni nilikuwa naweza kuimeza.

#23 KonaKali
Jicho la Tatu hapo Nyuzilandi umejuaje ni sera na si kitu kingine? 2020 hiyo ni miaka ya korona, kila kitu kilikuwa kimevurugika, vijana hawako shule, barabara tupu

#24 Jicho la Tatu
Siwezi kukutenganishia, kweli vilienda pamoja.

#25 MamaPacha
Huwa siandiki humu nasoma tu. Kaka yangu alikuwa anarudi nyumbani kutoka kazini. Hakuwa anakimbia wala hakuwa anafukuza. Gari lililokuwa linafukuzwa lilimgonga ubavuni. Tulipofika indiketa yake ya kulia ilikuwa bado inawaka na kuzima, alikuwa anakata kuingia njia ya kwake, mita hamsini. Mtu mmoja pale alikuwa anatafuta namna ya kuizima hakuipata. Ile sauti yake tik tik naisikia mpaka leo nikiwa kwenye gari la mtu yeyote.

Aliyekimbia alifungwa. Kosa alilokuwa anakimbia lilikuwa namba za gari bandia. Nimesoma wote hapa, mnabishana dereva na polisi, polisi na dereva. Mimi nataka afungwe miaka mingi NA nataka asingefukuzwa. Msiniambie nichague.

#26 Shangazi Usukani
Pole mwanangu. Mungu amrehemu kaka yako.

#27 MlindaNjia
Pole sana dada MamaPacha. Ule ukuta aliouangusha mdogo wangu ulikuwa wa chumba cha kulala cha watoto. Walikuwa wamelala upande wa pili wa nyumba siku hiyo. Sikuandika hilo kwenye #1 kwa sababu nashindwa kulitamka.

#28 WakiliPembeni
Kwenye alichosema dada yetu. Kuna mtafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Geoffrey Alpert, ameshughulika na hizi fukuzana miongo kadhaa, aliwahoji hata waliokimbia wenyewe. Wengi walimwambia wangepunguza mwendo wakiona polisi hawapo tena nyuma yao. Ndiyo maana wanaotetea kuacha kufukuza wanasema king'ora chenyewe kinasukuma mguu kwenye mafuta.

#29 Tairi la Akiba
Hilo ni kweli tupu. Nilikuwa nakimbia mpaka nisisikie tena, halafu natembea kama mtu wa kawaida. Nasema hata kama linaidhoofisha hoja yangu ya juu.

#30 FundiGia
Mnasahau teknolojia wakuu. Kuna kifaa cha StarChase kinarusha kidude chenye gundi na GPS kinanata nyuma ya gari, polisi wanazima taa wanarudi nyuma wanamfuata kwenye ramani mpaka mtu anapaki mwenyewe. Kuna helikopta. Kuna miiba ya kutoboa tairi taratibu. Kampuni ya magari ya GM walitangaza tangu 2007 kwamba gari lililoibiwa lenye huduma yao ya OnStar linaweza kupunguzwa nguvu kwa mbali. Vikienea hivi hakuna haja ya kukimbizana wala kuongeza miaka ya jela.

#31 KonaKali
Fundi leo umeongea kitu cha maana tangu uzi uanze, hongera 😄 Ila gari lako mwenyewe likizimwa kwa mbali na mtu aliyekosea namba?

#32 FundiGia
Basi na wewe kila kitu una neno

#33 Afande Mstaafu
Miiba nayo si mchezo Fundi. Mwekaji anasimama pembeni ya barabara huku gari linakuja kwa kasi, na polisi wamefia hapo. Na kugonga gari nyuma ili lizunguke, hiyo kwa spidi kubwa haina tofauti na risasi.

#34 Jicho la Tatu
Alichosema afande kina kesi yake. Scott dhidi ya Harris, Mahakama ya Juu ya Marekani, 2007. Victor Harris alikuwa na miaka 19 mwaka 2001 kule Georgia, alipimwa anaenda maili 73 kwa saa penye ruhusa ya 55, yaani kama kilomita 117 penye 88. Akakataa kusimama. Wakafukuzana dakika 6 hivi, mwisho polisi akamgonga nyuma kwa makusudi, gari likaingia korongoni, Harris akapooza mikono na miguu. Mahakama ikasema polisi hakukosa, majaji 8 kwa 1, kwa sababu Harris alishahatarisha watu wengine. Huyo mmoja aliyepinga, Jaji Stevens, aliona hilo ni la juri, yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi, siyo la majaji kuangalia video wakamaliza.

Mimi nimeitazama ile video mara nyingi. Kila nikiimaliza naegemea upande tofauti.

#35 MamaPacha
Maili 73 penye 55.

#36 KonaKali
Yaani spidi kidogo tu iliyozidi. Ndiyo narudi kwenye yangu ya #3, taa zikiwaka kuna watu akili inaondoka, na huyo dogo wa MlindaNjia nadhani ni mmoja wao. Alisema nini mwenyewe?

#37 MlindaNjia
Nimemuuliza jana hospitali baada ya kusoma ya afande. Alinyamaza sana. Halafu akasema aliogopa MIMI. Gari ni langu, alilichukua bila kuniambia, aliwaza wakilikamata nitajua. Polisi hawakuwemo kabisa kwenye mawazo yake, wala jela.

#38 Tairi la Akiba
Duh

#39 Shangazi Usukani
Mwanangu usijibebeshe. Ila umekaa naye ukamuuliza, hilo ni jema.

#40 WakiliPembeni
MlindaNjia samahani kwa kuingiza sheria hapa lakini umesema gari ni lako. Hilo ulitazame mapema. Kuna sehemu wanaanza na mwenye gari. Queensland, Australia, dereva akikimbia wanachukua namba wanamwandikia mwenye gari atoe tamko la kisheria nani alikuwa anaendesha, asipolitoa anahesabiwa kuwa ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Na wale kosa lenyewe ni hadi miaka 3, tena wameweka na kiwango cha chini ambacho hakimu hashuki. Kila nchi na utaratibu wake, muulize wakili wenu kama umeshahojiwa kama shahidi au kama mmiliki.

#41 MlindaNjia
Niliitwa nikaandika maelezo. Niliandika kwamba nilimruhusu kulichukua gari. Niliona nimpunguzie shtaka la kuchukua gari bila idhini.

#42 Jicho la Tatu
Mkuu… hilo umeliweka kwenye maelezo yenye sahihi yako? Na hapa umeandika alilichukua bila kukuambia.

#43 WakiliPembeni
MlindaNjia futa #37 sasa hivi halafu njoo inbox. Usiandike kingine hapa.

#44 KonaKali
Imeshanukuliwa kwenye uzi mwingine, nimeiona saa hii.

#45 Afande Mstaafu
Kijana, nenda kwa wakili wenu kesho asubuhi kabla hamjarudi mahakamani. Maelezo yanaweza kurekebishwa ukienda mwenyewe. Wakikufuata wao ni habari nyingine.

#46 MlindaNjia
Naenda saa mbili. Asanteni.